Daftari la Vipimo

Saa nne kasorobo natundika mkasi,
nafunika cherehani kwa kipande cha kaniki,
navuka barabara ya kuteremkia bandarini
hadi kwa Bi Zuwena, hapa hapa Wete,
kunywa ile chai ambayo si ya asubuhi
wala si chakula cha mchana,
chai ya mtu aliyekwisha kufanya kazi nusu.

Sina daftari jingine ila la wateja.
Kwa hiyo mabega ya watu yako kushoto,
na kulia, kwa kalamu ya risasi, chapati.

Ukurasa wa kwanza:
Chapati, inchi kumi. Nimepima kwa tepu, mezani, watu wamecheka.
Inachambuka tabaka kwa tabaka, haikatiki.
Maharage: tui zito, limeganda ukingoni mwa bakuli.
Chai: mchaichai, na iliki iliyopondwa leo, si jana.
Kasoro: benchi lina msumari. Kanzu yangu inajua.

Mwaka ule karafuu zilipozaa hadi matawi yakavunjika
aliongeza ngisi wa kukaanga bila kuulizwa,
na kila mchumaji alikula kama bwana harusi.
Niliandika neno moja tu: Alaa!
Mwaka uliofuata miti ilipumzika
na mimi nikaandika: Tui la pili. Labda la tatu.
Maharage yanaogelea, hayagusani.

Kisha Khelef akarudi kutoka Maskati
na viti vyekundu vya plastiki
na karatasi ya vyakula yenye picha, imevikwa nailoni,
ndani yake mayai yaliyokunjwa kama bahasha
na juisi ya ukwaju yenye kimwavuli.
Wageni wawili waliokuwa wakienda Ngezi
wakalipa elfu kumi na tano, wakapiga picha sufuria.
Yai: limekunjwa vizuri, halina chumvi.
Kimwavuli: sikukila.
Msumari umeondoka pamoja na benchi. Naukumbuka.

Chapati, inchi tisa.
Chapati, nane na robo.
Chapati, saba.

Nikamwambia, "Bi Zuwena, unatupunja."
Akacheka hadi ushungi ukamtoka.
"Na wewe fundi, mabaki ya vitambaa vyetu
huwa yanakwenda wapi?"
Mkahawa mzima ukanigeukia.
Nikaimaliza chai ikiwa moto, ikaniunguza.

Mimi ni fundi. Nilidhani najua kusoma tarakimu.
Jana, natafuta kipimo cha joho la mtu wa Jadida,
nikafunua kurasa za kushoto:
Bi Zuwena, gauni la Idi, kifua arubaini na nne.
Bi Zuwena, punguza, arubaini na moja.
Bi Zuwena, punguza, thelathini na saba.
Bi Zuwena, kaleta mwenyewe, kasema ni joto tu,
thelathini na nne, mikono ipunguzwe pia.
Hiyo mikono niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu,
na kulia, siku ile ile:
Donge halikukandwa sawasawa. Uvivu.

Neno hilo nimejaribu kulifuta.
Risasi imefutika, karatasi imebaki na kovu.

Sasa anakaa pembeni ya jiko, kwenye kiti chekundu,
miguu juu ya kreti la soda,
na mjukuu wake Sabra ndiye anayesukuma.
"Kanda, usipapase," anamwambia. "Unga si paka."
Chapati ya Sabra ina pembe tatu na mkia,
upande mmoja umeungua,
upande wa pili bado unafikiri.

Kombo, mgawa chai, akaniona nimetoa tepu,
akasimama na birika lake, akasubiri namba.
Nikairudisha mfukoni.

Leo, kulia, nimeandika tarehe
na haya: Nimekula mbili.
Maharage yanagusana.